Gunia Kwenye Chimni

Bwana asifiwe, akina mama. Mliniomba niongee kwa upole. Sitaweza, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi ni Kananu, mzaliwa wa Nkubu, nimeolewa hapa Kibirichia. Kwetu kuna joto kidogo. Huku Julai baridi inaingia hadi mifupani. Mume wangu, Mutwiri, alijenga nyumba yenye meko ya ukutani na chimni ili nikijifungua nisitetemeke. Tulikuwa tunawasha kuni kavu, moshi unapanda juu, dirisha liko wazi kidogo. Nilikuwa mzima, nilipalilia viazi na tumbo langu mpaka mwisho.

Makena alipozaliwa, mama mkwe alikuja kunilea. Mnajua desturi: mzazi akae ndani, anywe uji wetu wa ucuru, apate joto. Alipoinama mekoni akahisi upepo ukishuka, akasema chimni itamletea mtoto nimonia. Mutwiri alipoenda shambani, mama akasokomeza gunia la viazi kwenye chimni, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa blanketi. Kisha akaleta karai la makaa mekundu kutoka jikoni, akayamwaga pale mekoni. Nilimuuliza hewa itapita wapi.

"Makaa hayana moshi," akanijibu. "Nyinyi wa Nkubu mnaogopa kila kitu."

Akarudi jikoni kupika. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikatapika ucuru wote kitandani. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa, nikajikojolea. Makena aliachia ziwa, shingo ikalegea.

Mama aliporudi na kutuona, aliita majirani wawili. Wakaingia, wakafunga mlango ili baridi isimguse mtoto, wakaanza kukemea pepo. Nilikuwa nawasikia, ila ulimi umekuwa mzito. Mwanangu anakufa mikononi mwangu na watu wazima wanapiga kelele juu yake. Niliwachukia.

Mutwiri alisikia kelele kutoka shambani. Alifungua mlango kwa teke, akatulaza nje kwenye nyasi yenye maji. Makena akalia. Jirani mmoja akatutafutia gari, tukashuka Meru mjini.

Hospitalini tuliwekewa oksijeni. Daktari alimuuliza Mutwiri tulikuwa tumewasha nini ndani, naye akaeleza.

"Sumu ya makaa huioni wala huinusi," daktari akasema. "Ungechelewa kidogo, ungewazika wote wawili."

Makena alipona upesi. Mimi nilibaki na mikono inayotetemeka na kichwa cha kusahau. Nilikuwa naingia chumbani na kusimama tu, sijui nimefuata nini. Ilichukua muda mrefu, lakini leo nimesimama hapa.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mutwiri. Nanyi sikieni: chimni isafishwe kabla ya baridi, wala isizibwe. Makaa yasilale na mtu chumba kimoja. Mkiumwa kichwa nyote kwa pamoja, tokeni kwanza. Mtaombea nje.

Mnaniambia nimsamehe mama mkwe. Hajaniomba. Ameketi hapo mbele, na mpaka leo anasema nilirogwa. Binti yake, Karimi, huyo kando yake, atajifungua wakati wowote, na ni mama huyu atakayemlea.

Mama, sitaki uniombe radhi. Simama umwambie Karimi kilichotuangusha ni makaa. Hatutoki hapa kabla hujasema.