Zimwi Likisalimiwa

Nyie mliokua wakati mmoja na mimi, barabara ya Dodoma ikiwa bado vumbi tupu na lori likipita Bonga watoto wote wanatoka mbio kuliangalia, njooni mnisaidie kushangaa. Mwanangu Neema amerudi likizo kutoka chuo na boksi. Ndani ya boksi kuna kitabu kinene cha sheria, karatasi zenye michoro ya mapango, na dadu. Siyo dadu mnazozijua. Moja ina pande ishirini na inang'aa kama pipi. Nikamuuliza ni ya nini. Akanieleza kuwa ni mchezo: watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia kwamba mmefika kwenye pango lenye mazimwi, wengine wanasema wanafanya nini, halafu dadu inaamua kama wamefanikiwa. Ikabidi nikae chini. Yaani watoto wa siku hizi, hata kuwaza zimwi tu, wanahitaji kitabu.

Maana mchezo huo sisi tuliucheza, na boksi hatukuwa nalo. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na korongo lililochimbwa na maji ya mvua, kuta zake nyekundu, zinanukia udongo mbichi, na mwisho wake kona ya giza ambako mizizi ilining'inia. Hilo ndilo lilikuwa pango. Kwa kuwa mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote, zimwi nilikuwa mimi. Kunguruma nilijifunza kwa viboko wa ziwani, siku tulizopelekwa mjini, nikawa naanzia chini kabisa tumboni mpaka watoto wa jirani wanaitana majina kwa hofu. Dadu zetu zilikuwa punje za mahindi zilizounguzwa upande mmoja jikoni. Unazitikisa kiganjani, unazimwaga chini, nyeusi zikiwa nyingi umeumia. Kuku wakizila, unaunguza nyingine.

Mdogo wangu Petro, niliyembeba mgongoni mpaka akaota meno huko huko, alikuwa mwoga kupita kiasi. Kila siku wenzake wanamtangulia, wanaliwa, anabaki yeye mlangoni na kaptura yake iliyochanika. Nami namuuliza kwa ile sauti nzito: "Umebaki peke yako. Unafanya nini?" Alikuwa hafanyi chochote. Alikuwa analia.

Siku moja mama alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akatukuta watoto wameshika fimbo wanataka kunivamia. Akasimama. Mama yetu, mtu wa milima ya Mbulu, aliweza kukusamehe ukivunja chungu, lakini siyo kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Akawauliza wale wenye fimbo: "Hilo zimwi limewazidi umri au halijawazidi? Basi salimieni kwanza." Halafu akanigeukia mimi kule gizani. "Na wewe zimwi, ukisalimiwa uitike. Ukishaitika huli mtu, unampa chakula." Akaendelea na safari yake bila hata kushusha mzigo.

Toka siku hiyo ikawa sheria, na aliyeifaidi ni Petro. Akifika tu mlangoni, punje hajazimwaga, anatoa shikamoo ya kutetemeka, na mimi kwa hasira za zimwi lililonyimwa nyama naitika marahaba, namsogezea kiporo cha makande nilichoficha kwenye sahani ya bati. Yule mtoto alinenepa kwa salamu.

Naikumbuka shikamoo ile kwa uchungu, kwa sababu mpaka juzi Petro alikuwa haniamkii. Tulipomzika mama tukakosana juu ya mpaka wa shamba la Bonga. Yeye anasema unapita kwenye mfereji, mimi nasema unapita kwenye ule mstari wa minyaa, na minyaa yenyewe nilimsaidia baba kuipanda yeye akiwa hajazaliwa. Tukatupiana maneno mbele ya watu. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, akanipita akasema, "Habari." Nilibaki nimesimama na kitabu changu cha nyimbo mkononi. Habari. Mimi niliyemfundisha kutembea, ananipa salamu anayompa muuza vocha. Na haikuwa bahati mbaya, maana Jumapili nyingine ikawa vile vile, na nyingine. Shamba liliniuma, sikatai, lakini ile habari ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Baba hayupo, mama hayupo, na huyu mmoja niliyebaki naye alikuwa ananifuta udada wangu taratibu.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa mchana, Petro amekuja hapa kwangu Bagara kurudisha bomba la kunyunyizia dawa. Alilikabidhi kwa Neema pale mlangoni, mimi akanipa habari yangu ya siku zote, akageuka aondoke. Mvua ikashuka. Mnaijua mvua yetu ikiamua, mlima Kwaraa wenyewe unapotea huuoni. Akakwama sebuleni, amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Jirani yangu Mama Gifti naye alikuwa amekwama, alikuja kuomba kitunguu. Neema akaona hao ndio wachezaji wake. Tatizo ni kwamba sauti ilikuwa imemkauka kwa mazoezi ya kwaya ya Krismasi, anaongea kama mtu aliyemeza majivu. Akanisukumia karatasi ya pango: "Mama, simulia wewe. Mimi nitacheza na hawa."

Kila mtu alitakiwa kuchagua atakuwa nani. Neema akawa askari mwenye upanga. Akamwambia Mama Gifti awe mchawi, eti kitabu kinasema mchawi ana nguvu sana. Mama Gifti aliweka kitunguu chini. "Mimi na wokovu wangu huu niwe mchawi? Mama Neema, unamsikia mwanao?" Tukabishana mpaka akakubali kuwa nesi wa zahanati. Petro alipoulizwa akajibu bila kuinua macho, "Mimi mkulima. Nina jembe." Neema akasema kitabuni hakuna mkulima. Petro akamwambia basi hicho kitabu kiliandikwa na watu wenye njaa.

Wageni wa mchezo wana shida zao. Tulipofika mlango wa pango, Neema anataka tuuvunje, Mama Gifti akapiga hodi. Akapiga tena. Akasema yeye haingii kwa mtu bila kukaribishwa, hata pawe pangoni, na tukangoja pale mlangoni mpaka Neema akashika kichwa. Ndani wakakuta hazina, dhahabu imejaa, na nesi wetu akakataa kuigusa kwa sababu mwenyewe hayupo. Mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi. Nikachungulia upande wa Petro, nikaona naye anajizuia.

Halafu karatasi ikaniambia zimwi linatoka. Nikafungua mdomo nisome, na badala ya kusoma, nikanguruma. Sikupanga. Ilitoka yenyewe kutoka chini kabisa tumboni, ile ile ya korongoni, Mama Gifti akaruka na kikombe cha chai. Petro aliinua uso akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza ananiangalia machoni toka msiba.

Neema akatupa dadu, askari akaanguka. Mama Gifti akatupa, nesi naye chali, akalalamika kwamba hata sindano hajatoa. Nikasoma yaliyoandikwa, na maneno yaliyonitoka siyajui kama yalikuwa kwenye karatasi au yalikuwa yangu ya zamani. "Umebaki peke yako. Unafanya nini?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Neema akamsogezea ile dadu ya pande ishirini. Petro akaishika, akaigeuzageuza, akairudisha mezani polepole. Akakohoa.

"Shikamoo, dada."

Nilisikia, na bado sikuamini kama nimesikia. Neema, masikini, akanong'ona kwa sauti yake ya majivu, "Mjomba, ni zimwi hilo. Huwezi kulisalimia, tupa dadu." Mama Gifti akamshika mkono akamwambia, "Nyamaza, mwanangu."

Kweli nilikuwa na hasira zangu bado. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kila Jumapili njiani kurudi nyumbani, mazuri kabisa, ya kumwambia siku atakaponirudia. Yakaja yote mdomoni kwa pamoja. Lakini nikamsikia na mama, na mzigo wake wa majani, akiniambia mimi kule gizani.

"Marahaba," nikasema. Sauti haikutoka kama ya zimwi. Haikutoka hata kama ya mtu mzima. Nikainuka nikaenda jikoni, kwa sababu sheria inasema unampa chakula, na pia kwa sababu sikutaka wanione. Makande yalikuwepo, ya jana yake. Niliporudi Neema alikuwa anapekua kitabu chake mbele na nyuma, anatafuta inakuwaje zimwi likisalimiwa. Hakuona kitu. Petro alikuwa ameegemea kiti kabisa, amenyoosha miguu, akapokea sahani kwa mikono miwili.

Enzi zetu pango lilikuwa korongo, na leo hata hilo korongo halipo, lilijazwa kifusi na watu wamejenga. Watoto wetu wana dadu za kung'aa na kitabu chenye sheria ya kila kitu: upanga unauma kiasi gani, mlango unavunjwaje, zimwi linakufa vipi. Siwaonei wivu, ila nawasikitikia kidogo, kwa sababu aliyewaandikia hakuwa na mama kama wetu. Mpaka wa shamba hadi leo hatujaelewana, yeye na mfereji wake, mimi na minyaa yangu. Ila akinipigia simu tugombane, anaanza na shikamoo, na mimi zimwi lake naitika.