Msamaha Ambao Hakuuomba

Namwita rafiki kwa sababu sijapata neno lingine la kumwita. Tulikulia Nyambureti, nyumba zao na zetu zikitenganishwa na shamba la mihogo, tukaanza sekondari pamoja na kugawana kitanda kimoja cha deka bwenini. Wote tulikuwa wakimbiaji wa mbio ndefu. Alfajiri, kabla ya kengele, tulizunguka uwanja, na kila mara nilimtangulia kidogo tu. Akifika alishika magoti, akatema mate pembeni, akacheka. Nilidhani kile kilikuwa kicheko kweli.

Likizo moja nilimpeleka Kewanja kwa mama yangu mdogo, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Tulimenya viazi, tukaosha sahani, tukawapakulia vijana waliotoka Shinyanga na Geita kufuata dhahabu. Mmoja wao aliniita mchumba. Mama mdogo akamtishia kwa mwiko, kila mtu akacheka, yule kijana akala ugali wake akaondoka. Rafiki yangu alikuwa kando yangu. Aliona yote, na alijua hakuna lililotokea.

Shule ilipofunguliwa, katika wiki ya kuchagua wakimbiaji wa kwenda mashindano ya wilaya mjini Mugumu, alimfuata mwalimu wa michezo akamwambia nina mwanamume Kewanja, na kwamba huenda nina mimba. Mwalimu hakuniuliza chochote. Matroni aliniita mbele ya bweni zima, akanipa kopo nikojolee, mlango ukiwa wazi. Sikuwa na mimba. Lakini habari ilikuwa imeshafika nyumbani, na baba hakutaka kusikia mambo ya kipimo. Alikuja kunichukua. Hakunipiga, lakini mwaka ule uliisha nikichunga ng'ombe. Mama alimbembeleza mpaka akakubali nirudi masomoni, katika shule nyingine isiyo na hata uwanja. Sikukimbia tena.

Mugumu alikwenda yeye, kwa nafasi yangu.

Huku kwetu mtu aliyedhulumiwa huambiwa asamehe kabla hajamaliza kusimulia. Mama aliniambia hivyo, mchungaji akaniambia, mume wangu naye akaniambia, tena akiwa anakula. Nikachoka. Nilipoanza kuandika hadithi, niliwapa walichotaka. Katika kitabu changu rafiki anakuja nyumbani mvua ikinyesha, anapiga magoti matopeni, analia, anaomba msamaha, nami namwinua. Niliuandika ukurasa ule huku machozi yakinitoka, nikaamini yamekwisha. Wasomaji waliusifu kuliko kitabu kizima.

Mwaka jana nilikuwa Bomani, katika duka la vifaa vya shule linaloniuzia vitabu vyangu, rafiki yangu akaingia. Amenenepa, ana nywele za mvi mbele, lakini mwendo ni ule ule. Hakunisalimu. Aliniuliza kama ni mimi niliyempigisha magoti.

Nilimwambia ni hadithi.

Akasema kanisani kwao wameshaisoma, na wanawake wanamtazama magoti. Kisha akashusha sauti kwa sababu ya wateja.

"Sijawahi kukuomba msamaha. Umenisemea maneno ambayo sikuyasema."

"Na wewe ulinisemea mimba ambayo sikuwa nayo," nilimjibu.

Nilikuwa nimeusubiri mdomo ule ufunguke tangu nikiwa msichana, na sasa umefunguka kudai haki yake, si yangu. Nilimtaka aseme kwa nini. Aligeukia rafu za madaftari.

"Nilichoka kuona mgongo wako," alisema. "Basi. Lakini Mugumu nilikimbia vizuri. Kwenye kitabu chako umeniangusha njiani, watu wakanicheka. Sikuanguka. Hata hilo uliona uchungu kuniachia?"

Akatoka. Hakuomba msamaha, na mimi sikumwinua mtu.

Nilikaa na hasira zile wiki nzima. Zilizidi kwa sababu kuhusu mbio alisema kweli: sikuwepo, nilimwangusha kwa kupenda. Mwishowe nilitafuta namba ya mwalimu wa michezo, siku hizi mstaafu, nikampigia. Nilimwamkia shikamoo, nikauliza habari za mashindano yale bila kujitambulisha. Aliyakumbuka vizuri. Alisema msichana yule alikimbia pekupeku, kidole kikivuja damu, akamaliza wa pili, na kwamba hajawahi kumwona mtoto akikimbia kama anafukuzwa namna ile. Alisimulia kwa furaha.

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniita aniulize, neno moja tu.

Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Nimeiandika upya sehemu ile. Mvua nimeitoa, matope nimeyatoa, na hakuna anayepiga magoti. Msichana anakimbia Mugumu pekupeku na anamaliza wa pili. Mwalimu, ambaye mwanzoni sikumwandika kabisa, sasa yumo, amesimama kando ya uwanja akipiga makofi.