Gundi ya Meno ya Bibi

Mlali, Jumamosi, 9 Machi 1974

Rafiki zangu, sifichi kitu: leo meno ya bandia ya Bibi yameangukia mezani kwa Mwenyekiti wa kijiji!

Kosa ni langu. Niliyapaka gundi kama tunavyokandika ukuta: nikayalowesha kwanza, kisha nikapaka nene.

Bibi alisimama kuwaombea kina mama mashine ya kusaga.

"Ujamaa oyee!"

Meno hayooo!

Mkutano mzima ulicheka. Bibi, kibogoyo vilevile, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, unaona? Kutwanga kumetulegeza mpaka meno!"

Mashine ikapitishwa.

Sasa nimesoma maelezo ya gundi: meno yakaushwe, ipakwe kidogo tu. Lakini Bibi hataki.

"Mjukuu wangu, mkutano ujao tunaomba barabara. Paka vilevile."

Nimtii Bibi, au maelezo? Nijibuni upesi.