Zubuni ya Grozda

Grozda hakuwa msemaji, lakini alilolishika haliachi. Mwaka wa tatu wa ujane wake alimtaka Sterio, mchuuzi wa vitambaa aliyepita mjini kwao, Pirot, na farasi wake kila theluji ikiyeyuka. Kaka yake, Velizar, akakataa katakata.

Velizar alikuwa fundi wa zubuni, joho la sufu lisilo na mikono, wazi mbele, ambalo bibi harusi wa huko hatoki kwao bila kulivaa. Mezani, mbele ya bakuli la maharage, alimwambia mchuuzi kavukavu: "Sisi hatuozi dada zetu kwa wapita njia, bwana. Chetu ni chetu, kama hii zubuni."

Sterio akacheka, na hapo ndipo alipoharibu. "Zubuni yenu? Neno hilo nimelikuta kila nilikopita, fundi. Waarabu wanasema jubba. Muitaliano kalifanya koti, giubba. Mfaransa kaliteremsha kiunoni, jupe, sketi ya wanawake. Mrusi akisema shuba anataka manyoya. Mgiriki, yeye anamvika mtoto mchanga. Nyinyi mmelipokea tu, kama wenzenu."

"Kumbe mimi nashona nguo za Waarabu?"

"Nguo ni yako. Jina ndilo mgeni."

Hakukosea, maana hata sisi tuna juba letu. Lakini posa haijakubaliwa, wewe unamfundisha shemeji yako kazi yake? Velizar alimfungulia mlango.

Grozda aliwakasirikia wote wawili. Asubuhi yake, siku ya soko, alichukua sufu nyeupe na uzi mwekundu, akaketi kizingitini na kuanza kujishonea zubuni. Kushona hajui. Mshono ulikwenda kama njia ya mbuzi.

"Kazi ya nani hiyo, mwenzetu?" wanawake wakauliza wakipita.

"Ya nyumba hii hii, ya fundi Velizar."

Ilipofika adhuhuri Velizar hakuweza kula. Akatoka nje. "Dada, unaniaibisha."

"Neno limetoka Arabuni mpaka hapa, ukalifungulia mlango na kazi ukalipatia. Sterio katoka hapo milimani tu. Nitaolewa naye, kaka, na nguo nitakayovaa ndiyo hii."

"Hata pindo hujakunja."

"Sijui kukunja."

Velizar akamnyang'anya ile nguo, akaketi palepale kando yake, akaanza kufumua. Alifumua mpaka begani bila kumtazama.

"Mwambie aje Jumapili na wazee wake, waje na chupa ya rakia, aombe kama watu wanavyoomba," alisema. "Na akinywa, asinifundishe kitu."