Mahudhurio ya Nachatar Kaur

Mwaka wa thelathini na nane huu naandika hati za watu, chini ya bati lilelile nje ya ofisi ya msajili wa ardhi, hapa kwetu Punjab. Wananiita Munshi, yaani karani, na nikigeuka wananiita mkali. Ni kweli. Mtu akiniambia, "Munshi, andika juujuu tu, sisi ni ndugu," namrudishia karatasi zake. Hao ndugu ndio wanaonijazia meza kesi zikianza.

Nachatar Kaur nilimwandikia mara nne, na ya nne haina kazi mahali popote.

Ya kwanza ni baba yake alipofariki. Nachatar alimwachia kaka yake, Jagsir, sehemu yake yote ya urithi, nyumba na shamba. Kwetu binti akidai chake, anahesabiwa kauvunja undugu, hata harusi za kwao haalikwi. Nilimuuliza kama anaelewa anachosaini. Akasema, akiniita kwa heshima tu, "Baba mdogo, bora nibaki na kaka. Ardhi itanijulia hali?" Nikaandika.

Mume wake alipokufa bila kumwachia mtoto, alirudi nyumba ileile kumuuguza mama yao. Mama alikata roho mikononi mwake, katika chumba cha mwisho, pale ambapo Nachatar mwenyewe alizaliwa. Mwaka haujaisha, Jagsir akatangaza anauza, anamfuata mwanawe Kanada. Nachatar akasema basi nitanunua mimi. Aliuza nyati wake watatu wa maziwa, bangili za harusi na kiwanja alichoachiwa na mume. Hebu fikiria, mtu ananunua kitu alichokitoa bure. Nilikasirika, lakini hakuja kuniuliza maoni yangu.

Hiyo ikawa karatasi ya pili, mkataba wa kuuziana. Jagsir akapokea arubuni, wote wakasaini. Nikamweleza dada kama ninavyowaeleza wengine.

"Sikiliza. Huu mkataba si nyumba, ni ahadi ya kuuziwa nyumba. Nyumba itakuwa yako siku hati ya mauzo itakaposajiliwa mle ndani. Tarehe ni kumi na nne Machi. Uje na pesa iliyobaki. Asipotokea, usirudi nyumbani kulia. Unaapa mbele ya ofisa kwamba ulikuja, ulikuwa tayari, yeye hakuja. Hayo ndiyo mahudhurio. Bila karatasi hiyo, hakimu atakuuliza ulikuwa wapi."

"Hata nikiwa na homa?"

"Uje na homa yako."

Jagsir akacheka. "Munshi, unamfundisha dada yangu kunishtaki na mimi nimekaa hapahapa?"

"Nakufundisha na wewe," nikamwambia. Kumbe alikuwa anasikiliza vizuri kuliko dada yake.

Siku kumi kabla ya tarehe, shangazi yao Basanti akafariki. Huyu ndiye aliyewalea utotoni, mama yao alipokuwa mgonjwa. Kisomo cha kumhitimishia msiba kikaangukia tarehe kumi na nne. Jagsir akampigia dada yake simu: "Kwani tarehe inakimbia? Tumhitimishie shangazi msiba kwa heshima, Jumatatu tutasajili."

Asubuhi ile, saa mbili, nilimkuta Nachatar mezani kwangu. Mtandio mweupe wa msiba, hundi ya benki ndani ya mfuko. Ofisi ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Baba mdogo, nisubiri niape, ama niende kisomoni?"

Mimi huyuhuyu, ninayewafukuza watu wanaonitajia undugu, nilimtazama na mtandio wake nikaona aibu kwa niaba yake. "Uape dhidi ya kaka yako siku ya kisomo cha shangazi yenu? Nenda, mwanangu. Huyo ni ndugu yako."

Akaenda. Mimi mwenyewe nilifunga meza saa sita nikaenda kula chakula cha msiba. Nilimwona Nachatar akipita kwenye safu kugawa mikate. Jagsir aliomba wali wa maziwa mara mbili, akamwekea dada yake mkono kichwani, akasema anamrudisha msomaji nyumbani kwake kwa gari. Nachatar akabaki na wanawake jikoni.

Jumatatu Jagsir hakuja. Jumanne simu ilizimwa. Ijumaa ikaja barua ya wakili: tarehe imepita, mkataba umekufa. Alikuwa ameshampata mnunuzi mwingine, mwenye kinu cha mpunga, kwa bei nono.

Nachatar akashtaki, kesi ikachukua miaka miwili. Wakili wa Jagsir akatoa karatasi yenye mhuri wa tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na dakika arobaini. Jagsir ameapa kwamba alifika tayari kuuza, mnunuzi hakuonekana. Iliandikwa na mwenzangu wa upande wa pili wa bati, mimi nikiwa bado natafuna chakula cha msiba.

Nilitoa ushahidi kwamba Nachatar alikuja saa mbili.

"Karatasi iko wapi?" wakili wa Jagsir akauliza.

"Sikuandika."

"Umewaandikia mamia. Huyu kwa nini hukumwandikia?"

"Nilimwambia aende." Watu wa nyuma wakacheka chinichini, na walikuwa na haki.

Wakamgeukia Nachatar. Saa tisa na dakika arobaini ulikuwa wapi?

"Nilikuwa naosha sahani yake," akasema.

Hakimu aliandika kwamba utayari wa mnunuzi haukuthibitika. Arubuni irudishwe, nyumba hapana.

Karatasi ya tatu ilikuwa ya kukabidhi funguo. Aliisaini bila kuisoma, na sikuwa na uso wa kumkaripia. Nilingoja anitukane, ningepumua. Badala yake alivuta kiti.

"Baba mdogo, niandikie kwamba siku ile nilikuja."

"Haitasaidia kitu, mwanangu. Imepita miaka miwili."

"Najua. Wewe andika tu."

Nikachukua karatasi ya mhuri kwa pesa yangu. Mimi, Nachatar Kaur, tarehe kumi na nne Machi, saa mbili asubuhi, nilifika nikiwa na pesa zote, nikiwa tayari kununua nyumba nilimozaliwa. Nilikuja. Chini yake, mahali pa shahidi, nikaandika jina langu.

Aliikunja, akaifunga kwenye pembe ya mtandio, akaniuliza basi la kwa wakwe zake linaondoka saa ngapi.