Makaa ya Vifuu na Rangi ya Mama Mkwe

Jamani, leo kinywa changu kimeniumbua.

Si mnajua Bwana Afya wa Mwingereza ametukataza wasusi wa mikeka hapa Moa kumwaga maji ya rangi mtaroni?

Basi nikatoboa chungu kikuukuu, nikakijaza makaa ya vifuu niliyoyaponda.
Maji mekundu yakaingia juu, chini yakatoka meupe kama ya mvua.

Bwana Afya akastaajabu. Nami kunyamaza siwezi, mnanijua!
Kila aliyepita nikamwambia, "Makaa haya yanaondoa uchafu wote."

Mama mkwe alikuwa ananisikia.

Natoka kisimani, namkuta kashika sufuria ya rangi mpya, ile niliyoinunua Tanga mjini kwa ajili ya mkeka wa harusi ya wifi yangu. Anaimimina kwenye makaa hadi tone la mwisho.

"Naisafisha," akasema, "ikolee vizuri."

Haya, semeni nyie! Mkwe hakaripiwi.

Tukachuchumaa wote wawili, tukatazama maji meupe yakidondoka.

Akanigeukia kwa huruma.
"Pole, mwanangu. Wamekuuzia uchafu mtupu."