Firigisi ya Bwana Shauri

Serikali ya Mwingereza ilipata wazo: mzee asiye na nguvu wala mtu wa kumsaidia apewe posho kila mwezi, bila kuifanyia kazi. Wazo zuri, sikatai. Ila kwanza, wakasema, lazima wachunguze kama njaa ipo. Lo! Kinjumbi nzima tunakula ming'oko, vile viazi vya porini, wao wanaitafuta njaa kama sindano iliyoanguka mchangani.

Mama yangu alikuwa mjane, macho yameingia ukungu, na nguruwe walikuwa wamemaliza muhogo wetu. Posho ile ilikuwa yake hasa. Jumbe alipotuarifu kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atapita kwetu na karani wake, nilimwambia, "Mama, safari hii useme. Sema tuna njaa."

"Mgeni hajakaa, nimpokee kwa njaa?" akanikemea. "Huna haya! Kamata yule kuku."

Yule kuku! Ndiye pekee tuliyebaki naye, na alikuwa anaatamia. Nilimkamata huku nalia kwa hasira.

Wakaja. Karani, kijana wa mjini mwenye viatu vinavyolia kwii kwii, akaamkia, "Shikamoo, bibi. Hali yako?"

"Marahaba, mwanangu. Njema, alhamdulillahi."

Akaandika.

"Chakula mnapata?"

"Mungu hamtupi mja wake."

Akaandika tena, baradhuli yule! Kana kwamba kwao hakufundishwa kuwa ukiulizwa hali, hata kama unakata roho, unajibu njema. Nilifungua kinywa, mama akanishika mkono, kucha zikaniingia.

Wakala. Firigisi, ambayo tangu baba afe haikuwa na mwenyewe, mama aliagiza apewe Bwana Shauri. Bwana akaigusa kwa uma aliokuja nao mfukoni, akaisukuma pembeni ya sahani. Karani akaidaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hata adhuhuri hawakuifikisha, nami jembe ningewapa la kichwa.

Jibu lilirudi kwa mdomo wa jumbe: Serikali imechunguza, imeona wazee wa Kinjumbi wanakula kuku asubuhi. Posho itawatia uvivu.

Uvivu! Nilitukana mpaka jumbe akaondoka bila kuaga.

Mama alikuwa kwenye mkeka, anamenya ming'oko kwa kupapasa.

"Mwanangu," akasema, "ile firigisi, Bwana aliipenda?"

"Aliipenda, mama."